Ufunguo wa Shingoni

Kituoni makonstebo walimwita Madam Nukta, na si kwa mapenzi. Inspekta Roseline Nasike alikuwa mtu wa kukurudishia taarifa mara tatu kwa sababu umeandika "asubuhi" bila kusema saa ngapi. Ukimwambia "kama mita kumi hivi", anakutuma urudi ukapime, jua liwake, mvua inyeshe, shauri yako. Wengi waliomba uhamisho. Konstebo Keynan, aliyekuwa naye mwaka wa pili sasa, hakuomba. Alisema afadhali achokeshwe na mtu anayejua kazi.

Alhamisi hiyo, saa tatu kasorobo asubuhi, walikuwa mtaa wa Lucky Summer wakipanda ngazi za ploti ya ghorofa nne kumtafuta mjane. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: sahihi moja, faili lifungwe, waende zao. Jumanne, fundi mitambo aitwaye Laban Shiundu, miaka arobaini na mmoja, alikufa ndani ya mashine ya kuchanganyia sabuni katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Aliingia kuondoa sabuni iliyogandia mapanga ya mashine, na mashine ikawashwa yeye akiwa ndani. Ripoti ya kwanza, aliyoiandika Nasike mwenyewe, ilisema marehemu hakuifunga swichi kwa kufuli lake kama sheria ya kiwanda inavyotaka. Uzembe wa marehemu. Maneno matatu tu, na mtu keshauawa mara ya pili.

Sebule ilijaa akina mama wa kanisa na viti vya plastiki vya kukodi. Kwenye kona, chini ya kalenda, alikaa Truphena Nabalayo, mjane, mshonaji wa yunifomu za shule. Hakuwa akilia. Alikuwa amelaza suti ya kijivu magotini, akichomoa nyuzi zilizojitokeza, mmoja mmoja. Ndiyo suti ambayo mumewe angezikwa nayo. Kesho asubuhi gari lingechukua mwili kwenda kwao Lugari, Jumamosi mazishi.

"Mulembe, mama," Nasike alimsalimu kwa Kiluhya.

"Mulembe, dada. Keti."

Nasike akaketi, akatoa pole, kisha akatoa karatasi. Truphena aliiweka suti kando, akafuta vidole kwa leso, akaisoma. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chai iliyowekwa mbele ya Keynan ikapoa.

"Sitii sahihi hii."

"Mama Caleb, sahihi inasema tu kwamba umeisoma."

"Nimeisoma, ndiyo maana sitii. Umeandika Laban hakufunga. Wewe ulimjua Laban?"

"Hapana."

"Huyu mtu akizima jiko la gesi alikuwa anarudi kulishika aone kama limepoa. Kanisani tulikuwa tunachelewa kwa sababu ameshafika getini, anarudi juu kusukuma mlango. Hapa ploti walimwita Bwana Hakikisha, na mimi nilikuwa namgombeza, Mungu anisamehe. Sasa unataka Caleb wangu asimame kando ya kaburi asikie baba yake alikufa kwa uzembe. Atabeba hilo neno mpaka lini?"

"Jamani, jamani," mama mmoja akanong'ona.

"Watu makini pia husahau, mama," Nasike alisema. Alilisema kwa upole, lakini alilisema. "Siku moja tu inatosha."

"Haya. Basi niambie, huu ni wa nini?"

Truphena aliingiza mkono ndani ya kola ya blauzi yake, akavuta kamba nyeusi ya kiatu. Mwishoni mwa kamba ulining'inia ufunguo mfupi, mnene, wa rangi ya fedha.

Nasike akasogeza kiti. "Umeutoa wapi?"

"Mochari. Walinipa saa, pete, na huu. Mhudumu alisema ulikuwa shingoni, ndani ya fulana. Nimeuosha mwenyewe." Akaufuta kwa leso. "Nataka kumvisha kesho kabla sanduku halijafungwa. Miaka sita hakuwahi kuingia kazini bila huu."

"Ni wa kufuli la kazini?"

"Ni wa kufuli la kazini, na lile kufuli si kama la dukani. Laban alinionyesha hapa hapa, kwenye meza hii. Likiwa wazi, ufunguo haukubali kutoka. Uvute utakavyo, utavunja kucha. Unatoka likishafungwa tu. Limetengenezwa hivyo makusudi, ili fundi asitembee na ufunguo mfukoni huku amesahau kufunga." Alimtazama Nasike moja kwa moja. "Sasa nieleze, dada yangu. Kama ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kufuli lilikuwa limefungwa au lilikuwa wazi?"

Keynan alishusha kikombe chake polepole.

"Hilo mlilo nalo kituoni," Truphena akaendelea, "mlilipata likiwa wazi?"

"Wazi," Nasike alisema. "Na ufunguo ndani."

"Basi si la Laban."

Nasike aliomba auchukue ufunguo kwa siku hiyo moja, akaandika karatasi ya kuupokea, akaahidi kurudi kabla ya giza kuingia. Ile ripoti aliikunja akaitia mkobani bila sahihi.

*

Kituoni, Keynan alitoa kielelezo kwenye bahasha ya plastiki. Kufuli jekundu, wazi, ufunguo ndani. Nasike akavaa glavu, akaushika ule ufunguo, akauvuta. Haukutoka. Akauvuta tena kwa nguvu. Akalibana kufuli, likalia tak, na ufunguo ukateleza nje wenyewe.

"Ala!" Keynan akasema.

Nasike akachukua ufunguo wa Truphena, akaujaribu. Uliingia nusu, ukagoma. Ufunguo huo ulikuwa na namba ndogo iliyogongwa kwenye kichwa chake: 4417. Kufuli lilikuwa na 9052.

"Inawezekana alikuwa na makufuli mawili, Madam."

"Inawezekana. Tutauliza." Aliligeuza kufuli kwenye mwanga wa dirisha. "Lakini tazama rangi. Mtu amelitumia miaka sita, analifunga kwenye chuma, analifungua, analitupa kwenye sanduku la zana. Liko wapi hata kwaruzo moja?"

Keynan akalitazama, akatikisa kichwa. "Hili ni jipya kabisa. Bado linanuka duka."

"Mpigie daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti. Muulize kuhusu pombe."

"Kwani kuna mtu amesema alikunywa?"

"Bado. Atasema."

*

Sylvance Kweyu, msimamizi wa zamu, aliwapokea kwenye ofisi yake ya vioo juu ya sakafu ya kiwanda. Mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na miaka mitatu tu hapo. Kabla ya hapo alikuwa idara ya mauzo, na alipenda kulisema hilo.

"Inspekta, nilidhani hii tumemaliza. Kampuni inatoa basi la waombolezaji. Tumetoa sanduku. Kuna nini tena?"

"Mambo madogo," Nasike alisema. "Jumanne kufuli la Laban lilikuwa wapi?"

"Ubaoni, nilikuambia. Ule ubao wa mafundi ambako kila mmoja ana msumari wake. Lilikuwa linaning'inia wazi, ufunguo ndani. Aliingia kwenye mashine kama anaingia chumbani kwake. Inauma, lakini ndiyo hivyo."

"Na huu ufunguo ni wa nini?"

Kweyu aliuangalia ufunguo kwenye kiganja cha Nasike. Akachukua muda kidogo zaidi ya unaohitajika kuuangalia ufunguo.

"Mimi nitajuaje? Labda ni wa sanduku lake la zana. Labda wa nyumbani." Akajiegemeza. "Sitaki kumsema marehemu vibaya, lakini siku zile alikuwa na mawazo. Jumatatu alionekana mtaani Baba Dogo, kwenye baa."

"Alionwa na nani?"

"Watu."

"Majina yao?"

"Watu tu, Inspekta."

"Keynan, andika: watu tu." Nasike alikunja daftari lake. "Daktari alipima damu. Hakuna hata tone la pombe. Twende tuone sanduku la zana."

Sanduku lilikuwa kwenye chumba cha mafundi, chuma cha bluu, limefungwa kwa kufuli dogo la shaba. Ufunguo wa Truphena haukuingia hata kidogo. Fundi mwenzake alikuwa na ruhusa ya kulifungua, akalifungua mbele yao. Zana zote zilikuwa zimelazwa juu ya kitambaa, kubwa mpaka ndogo, kila moja imefutwa mafuta. Upande wa ndani wa kifuniko palibandikwa karatasi iliyofunikwa kwa selotepu, mwandiko wa Laban, herufi kubwa kubwa: ZIMA. FUNGA. JARIBU KUWASHA. ANGALIA NDANI. ITA. ANGALIA TENA.

"Alikuwa hivyo," yule fundi alisema. "Mashine ya dakika kumi yeye alichukua ishirini. Boss alikuwa anamchukia kwa hilo." Kisha akamwona Kweyu mlangoni, akaanza kupanga spana ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Nasike alishuka kwenye sakafu. Mashine ilikuwa imesimama, imeoshwa, mdomo wake wazi juu ya jukwaa fupi. Sabuni mpya haikuwa imetiwa. Vibarua wengi walikataa kuikaribia. Swichi kuu ilikuwa ukutani, na mpini wake una tundu la kupitishia kufuli. Pembeni ya tundu, kwenye rangi ya kijivu, palikuwa na mikwaruzo miwili mipya, imekaa sambamba, chuma kinang'aa.

"Piga picha. Weka futi kando," alisema. Kisha akaanza kutembea kutoka kwenye swichi mpaka kwenye mdomo wa mashine, akihesabu kwa sauti. "Tisa. Hatua tisa."

"Nimeandika," Keynan alisema.

"Sasa ubao wa mafundi uko wapi?"

Keynan akazungusha macho. Wote wawili wakazungusha macho. Mbele yao palikuwa na tangi mbili za mafuta ndefu kuliko mtu. Ubao ulikuwa nyuma ya hizo tangi, kando ya mlango wa chumba cha mafundi.

Hapo Nasike akasimama. Kwa sababu Jumanne yeye alikuwa amesimama papo hapo, kando ya mashine, watu wanapiga mayowe, mwili bado haujatolewa wote. Kweyu akaja akamtia kufuli mkononi, akasema lilikuwa ubaoni. Naye akaandika, kwa mkono wake, akaweka saa na sahihi: *Kufuli la marehemu lilikutwa ubaoni, wazi.* Ubao wenyewe hakuwahi kuuona. Hakutembea kwenda kuuona. Madam Nukta! Aliona aibu, aibu ile ya kweli inayopandisha joto mpaka masikioni.

"Madam?" Keynan alimwita.

"Endelea kupima," alisema. "Hapa mpaka ubaoni. Hesabu vizuri."

Zilikuwa hatua ishirini na mbili.

*

Kwenye meza ya kufungasha, vibarua sita walikuwa wakitia miche ya sabuni kwenye makatoni. Nasike alipita akiwa bado ameshika ufunguo kwa kamba yake. Msichana mmoja mwenye kitambaa cha njano kichwani aliinua macho, akauona ufunguo, na mche wa sabuni ukamtoka mkononi ukaanguka chini.

Nasike hakusimama. Aliendelea mpaka mlangoni, akamwuliza mlinzi kwa sauti ya kawaida yule wa kitambaa cha njano anaitwa nani. Carolyne Ayuma. Alikuwa anaendesha ile mashine hadi Jumanne. Jumatano akahamishiwa kufungasha.

Walimngoja wakati wa chakula, nje ya geti, mbali na vioo vya Kweyu. Nasike alimpeleka kwenye benchi ya mama mmoja anayeuza githeri, akamnunulia maji.

"Carolyne, sikiliza kabla hujafungua mdomo. Huna lazima ya kuniambia kitu. Ukiniambia, nitaandika, na kinaweza kusomwa kortini. Ukitaka mtu wa kukaa nawe, tutamngoja."

"Nitafungwa?"

Keynan alimtazama Nasike. Mpelelezi mwingine angesema "hapana, mpenzi, sema tu." Wako wengi wa aina hiyo, na kesi zao huanguka kila wiki.

"Sijui," Nasike alisema. "Siwezi kukudanganya."

Carolyne alikunywa maji, akafunga chupa, akaifungua, akaifunga. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu, kucha zimeliwa na soda ya kiwandani.

"Tangu Jumanne sijalala, Madam. Nikifunga macho naskia ile mashine." Akavuta pumzi. "Ilikuwa imesimama karibu saa moja. Boss akakuja na makasiriko, akaona kufuli kwa swichi. Akauliza fundi ako wapi. Jamaa wa stima, yule wa kurekebisha nyaya, alikuwa anapita anaenda kantini, amevaa ovaroli ya bluu kama ya Laban. Boss akasema, huyo hapo, ameenda chai ametuachia kufuli. Nikamwambia, boss, wacha nichungulie ndani kwanza. Akaniuliza, 'Wewe ni kibarua ama ni fundi?'"

"Ukajibu nini?"

"Ningejibu nini? Sisi huitwa kila asubuhi pale geti. Ukijibu vibaya, kesho huitwi." Machozi yalianza kumtoka, hakuyafuta. "Akatuma aletewe ule mkasi mkubwa wa kukata vyuma. Akakata kufuli. Akainua swichi, akaniambia, bonyeza. Nikabonyeza. Ilizunguka mara moja hivi, ikawa nzito. Nikajua, Madam. Hata kabla sijaona, nilijua."

"Mlimwita kabla? Kwa jina?"

"Hakuna mtu alimwita. Na mashine ya pili ilikuwa inapiga kelele, hata Laban hangeskia mkasi."

Keynan alikuwa ameacha kuandika. Nasike akamgusa kiwiko, akaendelea.

"Kufuli lililokatwa lilienda wapi?"

"Watu wakikimbilia mashine, boss aliliokota. Akapita nyuma, akalitumbukiza kwa tangi ya kostiki. Ile soda ya kutengenezea sabuni. Nilimwona. Baadaye akaniambia nikisema kufuli lilikuwepo, nikumbuke mimi ndiye nilibonyeza, si yeye." Akacheka kidogo, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Yeye alidhani kostiki inakula kila kitu. Hajawahi kubeba hata ndoo moja. Inakula ngozi, inakula rangi, inakula sufuria ya alumini. Chuma haigusi. Sisi vibarua wote tunajua."

Alitia sahihi kila ukurasa.

*

Saa nane na dakika kumi wakarudi ndani, na amri ya kupekua mkononi, maana Nasike hakutaka mtu aje kumwambia baadaye kwamba aliingia kwa mlango wa nyuma. Fundi wa zamu alivaa miwani na glavu ndefu, akaingiza kichujio chenye mpini mrefu ndani ya tangi ya kostiki, akakikokota taratibu chini. Mara ya kwanza kilitoka kitupu, mara ya pili na bolti iliyosahaulika. Mara ya tatu kitu kiligonga wavu.

Waliosha kwa maji mengi. Kufuli la chuma, upinde wake umekatwa mahali pawili. Rangi nyekundu yote ilikuwa imeliwa, na hapo ndipo Kweyu alipojimaliza mwenyewe: chini ya ile rangi, mahali ambapo siku zote palikuwa pamefunikwa, namba ilikuwa safi kama imegongwa leo. 4417.

Nasike aliupanguza ufunguo, akauingiza, akazungusha. Ukazunguka bila kelele.

Kweyu alikuwa ameshuka, shati limelowa kwapani. "Lakini hiyo kitu inakula kila kitu," alisema, kama mtu aliyeuziwa bidhaa mbovu.

"Chuma haili, boss," Carolyne alisema kutoka nyuma, sauti ya chini.

"Sikujua alikuwa ndani! Inspekta, naapa kwa Mungu. Nilidhani yuko chai."

"Nakuamini," Nasike alisema. "Ungetembea hatua tisa ungejua. Hilo la kwanza. La pili, baada ya kujua, ulichukua kufuli jipya stoo ukanitia mkononi, ukamwacha mke wake aambiwe alikufa kwa uzembe. Hilo hukudhani. Hilo ulikaa ukalipanga. Geuka, Keynan akufunge pingu."

Vibarua wote walikuwa wamesimama. Hakuna aliyepiga makofi. Walimtazama Kweyu akipelekwa nje, kisha mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye makatoni yao, maana jioni kazi ya kila mmoja ingehesabiwa.

*

Mkuu wake, Chifu Inspekta Nahashon, alifurahi mpaka akaagiza chai. Kisha akasoma daftari la Jumanne, akaacha kufurahi.

"Hapa umeandika lilikutwa ubaoni."

"Ndiyo, bwana."

"Ulilikuta wewe?"

"Hapana. Kweyu alinipa mkononi. Nilichukua neno lake nikaliandika kama langu."

Nahashon alisukuma mlango ukafungika. "Nasike, sikia. Wakili wa kampuni atakuvua nguo kortini kwa mstari huu mmoja. Na usaili wa vyeo ni mwezi ujao. Ukurasa unatoka, ukurasa unaandikwa. Mimi sijaona kitu."

"Ukurasa wa Jumanne utabaki ulivyo," Nasike alisema. "Nitaandika taarifa nyingine, ya tarehe ya leo, niseme nilikosea na nilikosea vipi. Na bwana, mstari wa kweli ndio unaomfunga Kweyu. Kama lilikutwa ubaoni, mtu yeyote aliweza kuliweka. Kama alinipa mkononi, ni yeye."

"Na wewe je?"

"Mimi nitajibu nitakachoulizwa."

Nahashon aliitazama chai yake, akaisukuma kando bila kuinywa. "Kwa kichwa kigumu, hakuna kama wewe," alisema.

Nje, Keynan alikuwa akimngoja na daftari lake mkononi, uso umemshuka. "Madam, na mimi niliandika hivyo hivyo. Ubaoni. Nilinakili kwako."

"Basi chukua kalamu, andika na yako."

*

Saa kumi na mbili jioni ile ngazi ya Lucky Summer ilikuwa na watu wengi zaidi. Kwenye uwanja wa chini kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya nyimbo za safari. Truphena alikuwa palepale kwenye kona, na suti imekwisha kupigwa pasi, imefunikwa kwa shuka.

Nasike alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kuruka. Kufuli lilifungwa. Lilikatwa. Nani alikata, nani aliamuru mashine iwashwe, lilitupwa wapi, lilitoka na namba gani. Truphena alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, kidogo kidogo, na mwisho alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakatikisika. Akina mama walimzunguka. Walimwacha alie mpaka akamaliza.

"Alifunga," alisema alipoweza.

"Alifunga, mama. Alifanya kila kitu kilichokuwa kwenye ile karatasi yake."

"Caleb ataambiwa hivyo?"

"Ataambiwa hivyo, kwa maandishi. Lakini kuna jambo jingine, na lazima ulisikie kutoka kwangu." Nasike alikaa wima. "Lile neno la uzembe, mimi ndiye niliyeliandika. Kweyu alinidanganya, ndiyo, lakini kazi yangu ni kwenda kuangalia, na sikwenda. Ilikuwa hatua ishirini na mbili."

Truphena alimtazama. Hakumtukana, wala hakumwambia si neno.

"Umeleta ufunguo?" aliuliza.

"Sitaweza kuuacha. Sasa ni kielelezo. Ufunguo utakaa na kufuli mpaka kesi iishe, na sijui ni lini. Najua ulitaka kumvisha. Pole sana, mama."

Akampa fomu ya kukiri kwamba ufunguo umechukuliwa na polisi, na kalamu. Truphena alifuta vidole kwa leso, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma. Kwenye mstari wa tatu kidole kikasimama.

"Hapa umeandika, 'ufunguo uliokutwa shingoni mwa marehemu'."

"Ndiyo."

"Wewe uliuona shingoni mwake?"

Keynan aliangalia viatu vyake.

"Hapana," Nasike alisema. "Sikuuona."

"Aliuona nani?"

"Mhudumu wa mochari. Nitamtafuta kesho asubuhi nichukue taarifa yake."

"Basi andika ulichokiona wewe."

Nasike aliipokea ile fomu, akaipiga mstari wa kuifuta, akaitia sahihi hapo alipoifuta. Alichukua nyingine mpya na kuandika polepole: *Ufunguo mmoja, namba 4417, pamoja na kamba nyeusi ya kiatu. Nilikabidhiwa na mjane, Truphena Nabalayo, nyumbani kwake, Alhamisi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.* Truphena aliisoma tangu juu, kwa kidole. Alifika kwenye kamba, akatulia.

"Kamba peke yake je?" aliuliza. "Hiyo haifungui kitu. Nipe hiyo tu, nimfunge nayo mkononi."

Nasike aliuangalia ufunguo, na ile kamba iliyochakaa mahali ilipokuwa ikisugua shingo ya mtu kwa miaka sita. Angeweza kuifungua pale pale. Hakuna ambaye angemuuliza.

"Siwezi, mama," alisema. "Ulinipa vikiwa pamoja."

Truphena aliitikia kwa kichwa. Akaikaza karatasi juu ya goti lake isikunjamane.

"Laban naye hangenipa," alisema, akatia sahihi.